Kibla ya Chumba cha Nyuma

Nitaanza na mlango, kwa sababu bila ule mlango nisingejua kitu. Ijumaa ya kwanza tuliporuhusiwa kuingia katika chumba kipya cha wanawake, nyuma ya msikiti wa mtaani kwetu hapa Umoja, Nairobi, mtu fulani alisahau kuufunga mlango wa katikati, ule unaotutenga na ukumbi wa wanaume. Nilikuwa nimeketi safu ya mwisho nikisubiri hotuba iishe. Kupitia mlangoni niliiona mistari ya zulia la wanaume, myeupe juu ya kijani. Miguuni pangu niliiona mistari yetu, myeupe juu ya kijani vilevile, maana zulia lilikuwa lilelile, limekatwa kutoka bunda moja. Lakini mistari yao ilikwenda kwao na yetu ikaenda kwetu. Niliirefusha kwa macho, nikaona kwamba ingekutana mahali fulani karibu na rafu ya viatu.

Mimi hufundisha hisabati. Mistari miwili iliyo sambamba haikutani hata uirefushe mpaka siku ya kiama. Ikikutana, haikuwa sambamba, na watu waliojipanga juu yake hawaelekei upande mmoja. Hilo halihitaji digrii. Imamu alikuwa ameelekea kibla, na wanaume nyuma yake wameelekea kibla. Sisi wanawake, pamoja na mama yangu aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki kwa ajili ya magoti yake, tulikuwa tumeelekea kwingine kabisa. Sala ilipokimiwa tukasimama, tukarukuu, tukasujudu, tukaitikia amina, sote tumeelekea huko kwingine.

Siwezi kusema nilikasirika palepale. Kwanza nilidhani macho yangu yamenidanganya. Nilibaki nyuma watu walipotoka, nikasimama kizingitini, mguu mmoja upande wao na mmoja upande wetu, nikaangalia tena. Pembe iliyokuwa kati ya mistari ile miwili ilipita nusu ya pembemraba. Hapo ndipo mori uliponipanda, na mpaka leo naandika haujashuka.

Namna jambo lenyewe lilivyotokea ni rahisi. Chumba cha zamani kilikuwa kidogo na kinavuja. Kikabomolewa ili kijengwe kikubwa, na kikubwa hicho kikasukumwa mpaka kwenye ukuta wa mwisho wa ploti. Ukuta huo umekwenda mshazari kwa sababu unafuata bomba la maji taka lililokuwapo kabla ya msikiti. Fundi wa vigae akiingia chumbani hutafuta ukuta mrefu kuliko zote, akavuta uzi sambamba nao, akaanza kupanga kutoka hapo. Ndivyo kazi yao inavyofanywa, na mimi simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba chumba hicho ni cha sala na kwamba ndani yake ukuta si bwana. Waliotandika zulia wakafuata vigae. Waungwana wa kamati ya msikiti wakaja siku ya ufunguzi, wakaomba dua mlangoni, wakanywa kahawa, wakaondoka. Wote walioamua mambo ya chumba kile hawajawahi kusali ndani yake, na wote wanaosali ndani yake hawajawahi kuulizwa.

Wiki hiyohiyo darasani tulikuwa kwenye somo la mistari. Kitabu cha shule ni cha Kiingereza, lakini watoto wa mitaa ya Tena na Umoja huelewa vizuri zaidi ukiwaeleza kwa lugha wanayogombania nayo uwanjani. Nikachora ubaoni. Huu, nikasema, ni mstari: hauna mwanzo wala mwisho, ndiyo maana una mishale pande zote mbili. Hiki ni kipande cha mstari: kimekatwa huku na huku, kina ncha mbili, unaweza kukipima kwa rula. Na huu ni mwale: una nukta unapoanzia, halafu unakwenda upande mmoja tu, haurudi wala hauishi.

Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Tichee, sasa hiyo mwale, tukianguka mistake kidogo tu hapa mwanzo, si bado itafika tu?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nikamwita ubaoni, nikampa chaki, nikamwambia achore miale miwili kutoka nukta moja, iachane kidogo tu kama unene wa kidole. Akachora. Nikamwambia aendelee mpaka mwisho wa ubao. Alipofika mwisho, kati ya miale ile pangeweza kupita kichwa chake. Akaangalia, akasema, "Ai," akarudi kuketi.

Nilibaki nimeshika kifutio nikiwaza chumba cha nyuma. Kibla ni mwale. Unaanzia pale uliposimama na unakwenda upande mmoja mpaka Makka. Safu ya wanaosali ni kipande, kina ncha mbili, ukuta hadi ukuta, na kazi yake ni moja tu: kuukata ule mwale kwa pembemraba. Kipande kikienda mshazari, kila aliyesimama juu yake ametupa mwale wake mshazari. Hata mtoto aliyesema "ai" alikuwa ameelewa.

Mwanamke kwetu haendi kwenye kikao cha kamati. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini jaribu uone utakavyotazamwa. Nikamtuma ndugu yangu, ambaye ni dereva na mtu wa amani kupita kiasi. Nilimchorea kwenye kipande cha boksi: ukumbi huu hapa, chumba hiki hapa, mwale huu, mwale ule. Alikwenda, akarudi, akaniambia wamesema wataangalia. Nikamuuliza aliwaonyesha mchoro? Akasema hakuona haja, maana wameelewa. Najua ndugu yangu. Alikwenda kuwasalimia, akawauliza habari za watoto, na mwishoni, akiwa tayari amesimama, akasema kina mama wana kalalamiko kadogo.

Wakaangalia kwa kutokuangalia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa limeshauma. Jumamosi moja nikajifunga mtandio, nikaenda dukani kwa mwenyekiti wa kamati. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani: saruji, misumari, mabati, na vigae pia. Nilimkuta amekaa mlangoni, anachambua gazeti. Alinikaribisha kwa heshima, akaniitishia soda, na lazima niseme si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha zaidi. Mtu mbaya ungejua jinsi ya kumchukia.

"Mwalimu," akasema, "hilo zulia limetoka kwa mfadhili. Tukianza kulikatakata, siku akija tutamwambia nini?"

"Msilikate. Ligeuzeni."

"Likigeuzwa kona zitabaki wazi. Litakuwa baya hata kuangalia."

"Nani ataliangalia? Nyinyi hamuingii mle."

Akacheka kidogo, akakunja gazeti. "Si kina mama wageuke tu kidogo? Kila mtu ajigeuze mwenyewe. Mungu anaangalia nia."

"Basi ng'oeni na mistari ya wanaume, nao wajigeuze wenyewe kwa nia."

Akasema lile ambalo husemwa kila mwanamke akifungua kinywa kuhusu msikiti, kwamba sala bora ya mwanamke ni ya nyumbani kwake. Nikamuuliza, kama ni hivyo chumba mlikijengea nani? Akaiangalia soda yangu ambayo sikuigusa. Halafu akanigeuzia kibao.

"Na kama ni kupimana, dada yangu, tuanzie kwenu. Nilikuja nyumbani wakati wa matanga ya marehemu baba. Niliona mkeka wa mama. Mama anasali kaskazini tupu. Hiyo ni kibla ya Mombasa. Hapa ni Nairobi. Umempima yeye?"

Aliniona nyani asiyeona kundule. Nilitoka pale masikio yananiwaka, na nikapita njia ndefu ili mtu asinione nikizungumza peke yangu.

Jumatatu nilipomaliza vipindi nikaomba tufe la dunia lililo kwenye ofisi ya walimu, nikalifunga kwenye leso, nikaenda nalo nyumbani. Nikachukua uzi wa kushonea. Kwenye karatasi kibla ni mwale mnyoofu, lakini dunia si karatasi. Ukitaka njia iliyonyooka kwenye tufe huna budi kuvuta uzi mpaka ukaze, nao wenyewe utajitafutia pa kupita. Nikashika ncha moja Mombasa, nyingine Makka, nikakaza. Uzi ukapanda kaskazini moja kwa moja, kana kwamba mtu ameuchora kwa rula. Nikauhamisha, nikashika Nairobi, nikakaza. Uzi ukainama kulia. Si sana, lakini uliinama, na hata mwenye mtoto wa jicho angeona.

Haki yake nitampa: mwenyekiti alisema kweli. Mama aliolewa kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, akaja Nairobi na sufuria zake, na makanga yake, na kaskazini yake. Kwao bibi yake alimfundisha kibla ni kaskazini, basi. Alipofika Umoja aliuliza kaskazini ni wapi, baba akamwonyesha, akatandika mkeka. Hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Nadhani nyumba nyingi za watu wa pwani katika mitaa hii zina mkeka kama huo, umetandikwa kana kwamba bahari iko nyuma ya choo. Nikafuata mwale wa mkeka wa mama kwa kidole kwenye tufe. Ulifika ukingoni mwa bahari, upande wa Sudani, na Makka iko ng'ambo.

Halafu nikafuata mwale wa chumba cha nyuma. Huo ulipita Somalia, ukatumbukia bahari kuu, ukavuka, ukatokea Bombay. Nilicheka peke yangu kicheko kisichokuwa na furaha. Kosa la mama lilikuwa la mtu aliyehama na asiambiwe. La kamati lilikuwa la watu walioambiwa. Na bado walikuwa wamelichukua lile dogo wakaliweka mbele ya lile kubwa ili lisionekane.

Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele. Akaniuliza ninafanya nini na mpira wa watoto. Nilifikiria kumficha. Alikuwa mzee, magoti yamekwisha, sala zake zote ameshazipeleka. Lakini mimi si wa kuficha pembe, na yeye si wa kufichwa. Nikamwita, nikamkalisha, nikampa ncha ya uzi aishike mwenyewe. Akaishika Mombasa, mimi nikashika Makka. Akaona. Tukahamia Nairobi. Akaona.

"Miaka yote hii?" akasema.

"Ni kidogo, mama."

"Kidogo ni kidogo, lakini nimekijua sasa." Akainuka kwa kujishika meza, akaenda chumbani kwake, akauvuta mkeka kwa mguu, mara mbili tatu, mpaka nikamwambia hapo. "Mola anajua sikuwa najua. Aliyejua akanyamaza ndiye wa kuulizwa." Akarudi jikoni kwenye mchele wake.

Huo ndio muda aliouchukua. Mwanamke aliyezeeka, aliyesali upande mmoja tangu aolewe, aligeuka katika muda wa chai kuchemka. Kamati ya wanaume wenye afya na magari ilikuwa bado inaangalia.

Wakati wa chakula akaniuliza, "Na kule msikitini?"

Nikamweleza. Alikula nusu ya sahani yake, akaisukuma.

Ni lazima nieleze msikiti ulikuwa nini kwake, au hasira yangu itaonekana ni ya kutafuta makosa tu. Baada ya baba kufariki mama hakuwa na pengine pa kwenda. Sokoni nilikwenda mimi. Hospitali alikuwa akipelekwa. Lakini Ijumaa alikuwa akivaa buibui lake la heshima, akajifukiza udi, akatembea mwenyewe polepole mpaka msikitini, akakaa kwenye safu na wenziwe, akina bibi wanne watano, mmoja anayeuza viazi karai karibu na stendi, wengine wajane kama yeye. Baada ya sala walikuwa wakibaki, wakateta, wakachekana, wakauliza nani anaumwa. Alirudi nyumbani na habari za mtaa mzima na uso uliokunjuka. Hilo ndilo lililokuwa lake, na hakuwa na lingine.

Ijumaa iliyofuata alikwenda. Nilikuwa naye. Aliweka kiti chake kwenye safu, halafu akakigeuza kuelekea kule nilikomwonyesha. Kiti cha plastiki kilichogeuzwa ndani ya safu iliyobanana huchukua nafasi ya watu wawili. Mguu wa nyuma ukakanyaga jalbabu la jirani yake, bega lake likamziba mwingine. Yule dada anayepanga safu, ambaye ana moyo mzuri na sauti kubwa, akasema, "Bibi, safu imevunjika hapo. Ziba pengo, tafadhali." Wote wakageuka kumwangalia mama. Imamu alikuwa tayari ameanza. Mama hakuwa na nguvu ya kuinua kiti na kukisogeza nyuma peke yake, na hakuwa mtu wa kuleta zogo. Akakirudisha kikaangalia Bombay, akasali.

Tulipofika nyumbani alisali tena, kwenye mkeka wake, kutoka mwanzo. Alipomaliza akavua buibui, akalikunja, akalitia kabatini. "Sitakwenda tena," akasema. "Siwezi kusali sala nikijua nitairudia."

Nilimwambia mimi nitaipigania kibla ya chumba kile. Akasema, "Pigana, mwanangu, lakini mimi magoti yangu hayapigani."

Ramadhani ilikuwa inakaribia, na nilijua kuikosa tarawehe kungemuua kwa upweke. Nilinunua utepe wa karatasi, ule mweupe wa wapaka rangi. Adhuhuri moja isiyo ya Ijumaa nikaenda na wanawake watatu, mmoja wao yule bibi wa viazi karai. Mlango wa katikati ulikuwa wazi. Tukavuta uzi sambamba na mstari wa mwisho wa wanaume, tukaupitisha mlangoni, tukauingiza kwetu. Kutoka hapo tukapima nafasi sawa kwa hatua za bibi, tukabandika utepe, mstari baada ya mstari, mpaka chumba kizima kikawa na safu zilizonyooka. Zilikuwa mshazari kwa ukuta, kwa hiyo zilikuwa zimenyooka kwa haki. Safu za pembeni zilikuwa fupi na ya katikati ndefu. Bibi akasimama katikati akaweka mikono kiunoni, akasema, "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii!" Tulifurahi kama wasichana. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama, akafungua kabati kuangalia kama buibui linahitaji pasi.

Ijumaa ilipofika utepe haukuwapo. Ulikuwa umebanduliwa wote, pamoja na nyuzi za zulia hapa na pale. Kabla ya hotuba kipaza sauti kikatangaza kwamba kuna watu wanaoharibu zulia la msikiti kwa gundi, kwamba mali ya wakfu ni amana, na asiyehusika asiguse. Nililisikia neno hilo nikiwa nimeketi ndani ya chumba hicho, juu ya zulia hilo. Asiyehusika. Nilinyanyuka nikatoka kabla ya sala, na hiyo ndiyo mara ya pekee maishani nimewahi kutoka msikitini kwa hasira. Mama alikuwa amebaki nyumbani siku hiyo akisubiri nimwambie njia ni nyeupe. Nilimwona dirishani amevaa. Sikuhitaji kusema kitu, aliusoma uso wangu akaanza kujivua.

Ramadhani alisali peke yake. Jioni tulifuturu, adhana ya isha ikaita, na wenziwe wakapita barabarani chini ya dirisha letu wakienda tarawehe. Mwanzoni walimwita. "Twende, mama mtu!" Alikuwa akiwajibu miguu inamsumbua, maana hakutaka kuwatia wasiwasi wa sala zao. Baadaye wakaacha kumwita, wakawa wanapita tu, na yeye akawa anakaa dirishani mpaka sauti zao zipotee. Bibi wa viazi karai peke yake ndiye aliyekuwa akija kumwona, lakini anauza jioni, hakuwa na muda wa kukaa.

Nilikwenda tena kwa mwenyekiti. Akasema baada ya Idi. Baada ya Idi akasema mfadhili anakuja. Ndugu yangu akaniambia, "Achana nao, utajitafutia presha." Nikamwambia presha ninayo tayari na yeye ni sehemu yake. Hatukuzungumza kwa siku kadhaa. Ninampenda, lakini amani yake hugharimiwa na watu wengine.

Mama alifariki Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, asubuhi, kitandani kwake. Sitasema aliuawa na zulia. Alikuwa mzee na moyo ulikuwa umechoka. Lakini miezi yake ya mwisho ilikuwa ya mwanamke aliyekaa dirishani, naye hakuwa mtu wa dirishani. Hilo nitalisema, na atakayeudhika audhike.

Alizikwa siku hiyohiyo, alasiri. Sisi wanawake tulimwosha, tukamvisha sanda, wakambeba. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo nilibaki nyumbani kati ya wanawake waliokuwa wakisoma Yasini, na yote ninayojua kuhusu kaburi la mama nimeyajua kwa mdomo wa ndugu yangu.

Aliniambia jioni, macho mekundu, viatu vyote udongo. Walipofika, kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mwenyekiti akashuka mwenyewe mpaka ukingoni, akaangalia mwanandani, ile nafasi ya chini ambamo maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Akasema halijakaa sawa. Wachimbaji wakasema wamefuata safu ya makaburi mengine. Akasema safu imepinda, hawamlazi mama hivyo. Watu wakatoa simu zenye dira, wawili watatu wakalinganisha. Mtu mmoja akavuta kamba. Wakachimba upande mmoja upya, wakapanua, wakasawazisha, na jeneza linangoja juani na watu wamesimama. Ilichukua muda mrefu mpaka wazee wengine wakaanza kunung'unika, lakini mwenyekiti hakukubali. Ndipo wakamlaza.

"Nimekuambia ili ufurahi," ndugu yangu akasema. "Walimheshimu sana."

Sikufurahi. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Udongo mgumu waliweza kuuchimba upya, lakini zulia lilikuwa zito mno. Walikuwa na kamba. Walikuwa na simu. Walijua safu hupinda kwa kufuata iliyotangulia, walijua kwamba mwale huanza kwenye mwili wa mtu na si kwenye ukuta. Walikuwa wakijua yote tangu mwanzo. Mpaka hapo nilikuwa nimedhani hawaelewi, nikawa nachora, naeleza, navuta nyuzi, kama niko darasani. Kumbe nilikuwa nawafundisha watu waliofaulu zamani.

Siku ya hitima mwenyekiti alikuja na mkewe na mfuko wa sukari. Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake sebuleni, wanaume chini ya turubai nje. Aliomba kuniona, nikatoka mpaka mlangoni. Alinipa pole, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, hilo nalo nitalisema.

"Nilitaka ujue, mwalimu," akasema. "Mama tumemlaza sawasawa. Nilisimamia mwenyewe. Pale safu zimepinda kidogo, lakini tulichimba upya mpaka kaburi likakaa."

"Kwa nini mlijisumbua hivyo?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji hulowesha. "Maiti hawezi kujigeuza, dada. Ni juu yetu sisi kumgeuza."

Nyuma yangu sebuleni wanawake walikuwa wamegeuka kututazama. Bibi wa viazi karai alikuwa ameacha tasbihi yake.

"Hata alipokuwa hai hakuweza," nikamwambia, na sikuishusha sauti yangu.